Kompyuta ya Ofisi Inapohamia Nyumbani

Wazee wangu, dada na kaka zangu, asanteni kwa kufika. Asanteni pia mlioketi mbele mkakubali nifungue mashine karibu na magoti yenu. Vumbi lake nimelipuliza nje asubuhi, ila kipande kimoja cha mashine mwenzake nimekiacha kama kilivyokuwa ili mkione kwa macho.

Hapa mezani kuna kompyuta ya mtumba. Ubavuni ina stika ya rangi ya fedha yenye namba ya mali ya ofisi, na chini ya namba pameandikwa «Usibandue». Juu ya kasha kuna duara la kahawia: hapo ndipo mtu fulani alipokuwa akiweka kikombe chake kila siku. Nikiiwasha, jina linalojitokeza ni UHASIBU-14. Imefanya kazi miaka yake, ofisi ikanunua mpya, hii ikauzwa kwa jumla pamoja na wenzake, na leo tunaitafutia nyumba.

Wengi huniletea mashine za namna hii wakisema, «Fundi, imezeeka, ni nzito mno.» Mimi huwajibu kwamba mashine imelemewa. Imebeba vumbi la watu, siri za watu na amri za watu. Ukiitua mizigo hiyo, mara nyingi utakuta chini yake kuna chombo kizima ambacho mtoto ataandikia kazi zake za shule na mama atawekea hesabu za biashara kwa miaka kadhaa ijayo. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Naanza na amri, kwa sababu ndizo zinazoweza kuifanya pesa yako ipotee kabla hujaondoa hata skrubu moja. Kompyuta ya ofisi huwa na bwana wake aliye mbali. Idara ya teknolojia huiwekea nywila kwenye mfumo wa kuwashia, ule unaotokea kabla ya Windows, ambao mafundi tunauita BIOS. Kwenye kompyuta za nyumbani tulizoea kwamba ukichomoa betri ndogo ya saa, nywila hufutika. Kwa mashine nyingi za ofisi ujanja huo haufanyi kazi. Nywila imehifadhiwa mahali ambapo kukosa umeme hakuigusi. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na aingie BIOS. Akishindwa yeye, usijiaminishe kwamba utaweza wewe.

Kuna kufuli la pili ambalo halionekani dukani. Unaweza kufuta kila kitu, ukaweka Windows mpya, ukaunganisha intaneti, kisha skrini ikakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kukuomba barua pepe ya kazini. Maana yake ni kwamba namba ya mashine ile bado imo kwenye orodha ya ofisi, na kila Windows inapowekwa upya inauliza makao makuu kabla ya kuendelea. Anayeweza kuiachilia ni mwenye orodha. Mashine ya hivyo irudishe ulikoinunua, na uulize kwa upole ilitoka wapi, maana mashine iliyoibwa nayo huonekana vivyo hivyo.

Sasa siri. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili linaniuma.

Mwaka mmoja nililetewa kompyuta kama hii na mzee aliyetaka iwe ya wajukuu. Nikaiwasha kupima diski. Haikuniomba nywila yoyote. Kwenye uso wa skrini kulikuwa na folda imeandikwa «Mishahara», na pembeni yake nyingine, «Likizo za ugonjwa». Sikuzifungua. Lakini ziliachwa wazi hivyo kwa yeyote, na mashine ilikuwa imepita mikono mingapi kabla ya kufika kwangu? Kuna mtu alimweleza mwajiri wake ugonjwa wake akiamini maneno yatabaki ofisini, na maneno hayo yalikuwa njiani kwenda kwenye chumba cha watoto asiowajua. Ni sawasawa na kununua koti la mtumba ukakuta barua mfukoni. Barua ile si yako, hata kama koti umelilipia.

Wala si kisa cha fundi mmoja. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Kati yake 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Diski 69 zilikuwa na mafaili yanayoweza kurudishwa, na 49 zilikuwa na habari nzito za watu binafsi. Walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Baadhi ya diski hizo zilikuwa zimefomatiwa, na wauzaji waliamini kwamba ni tupu.

Mafaili yanabakije baada ya kufutwa? Diski ni kama kitabu chenye yaliyomo ukurasa wa mbele. Ukifuta faili, kompyuta hufuta ule mstari wa kwenye yaliyomo tu; kurasa zenyewe hubaki zimeandikwa mpaka siku zitakapoandikwa juu yake kitu kingine. Kufomati kwa haraka ni kung'oa ukurasa wa yaliyomo basi. Programu ya kurudisha mafaili husoma kurasa moja moja, na programu hizo zinapatikana bure.

Kwa hiyo ukishanunua, wewe ndiwe mtunzaji wa mwisho wa siri za yule mwenye kikombe, na mwungwana hachungulii. Kama diski ni ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka, iandikie sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Kufomati kikamilifu kwa Windows, yaani usiweke alama kwenye kisanduku cha kufomati haraka, hufanya hivyo tangu enzi za Windows Vista. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, nayo ina programu ya diski yenye chaguo la kuandika sifuri kila mahali. Diski ya gigabaiti 500 ikiandika megabaiti 100 kwa sekunde itachukua karibu saa moja na nusu, nayo mara nyingi huzidi hapo kwa kuwa diski hupungua kasi kadiri inavyoelekea katikati ya sahani. Iache, nenda kafanye shughuli nyingine.

Mtasikia watu wakisema lazima uandike mara 35. Hesabu hiyo inatokana na andiko la mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Peter Gutmann, la mwaka 1996, lililohusu diski za teknolojia ya wakati huo na zilizotangulia. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, toleo la mwaka 2014, unasema kwa diski za sasa za sumaku kuandika juu yake mara moja kunatosha. Diski za SSD, zile zisizo na sahani ambazo huhifadhi kila kitu kwenye chipu, ni habari nyingine: zina sehemu za akiba zilizofichwa ambazo programu ya kawaida haizifikii, kwa hiyo tumia amri ya kufuta ya diski yenyewe. Kompyuta nyingi za ofisi zina amri hiyo humo humo ndani ya BIOS.

Haya, vumbi. Naomba kipande kile. Tafadhali kipitishe, mama, usiogope kukigusa.

Mnachokiona ni alumini iliyokatwa mapezi mapezi. Kinakaa juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, feni hupuliza hewa katikati ya mapezi, na joto huondoka. Sasa tazameni upande uliotazama feni. Mapezi hayaonekani. Kuna kitu cha kijivu kimelala juu yake kama kipande cha blanketi. Vuta ukingo wake utaona kinabanduka kizima. Ndani yake kuna nyuzi za zulia, nywele, chembe za karatasi. Hewa haipenyi hapo hata kidogo.

Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana mashine inaanza asubuhi vizuri, baada ya nusu saa feni inanguruma na kila kitu kinakokota miguu. Mwenye mashine anadhani ni virusi. Wapo waliobadilisha Windows mara tatu kwa sababu ya blanketi hili.

Kuisafisha si kazi ngumu, ila ina adabu zake. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Peleka mashine nje au mahali penye hewa, ufunike pua. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao wa ndani, maana umeme wa mwilini mwako ambao wewe huusikii unaweza kuua chipu. Tumia hewa ya kopo au pampu ndogo, kwa mipulizo mifupi, kopo likiwa wima ili lisiteme maji baridi. Shikilia panga za feni kwa kidole wakati unapuliza. Ukiiacha ifukuzwe na upepo, itazunguka kuliko ilivyoumbwa na bearingi zake zitachakaa. Mashine ya kufyonzea vumbi ya nyumbani iweke mbali na ubao. Bomba lake la plastiki huzalisha umeme tuli. Na lile sanduku la pawa saplai, linalopokea umeme wa ukutani, lipulizie kwa nje kupitia matundu, usilifungue kamwe. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kushika umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Wakati uko humo, chungulia kapasita zilizo kwenye ubao, vile vidumu vidogo vilivyosimama. Vichwa vyake viwe bapa. Kilichovimba au kuvuja kinakuambia kwamba ubao huo usiutegemee.

Ukiweza, ondoa kipoza joto chenyewe. Kati yake na prosesa kuna pesti ya kupitisha joto, ambayo ikishakaa miaka hukauka ikawa kama chaki. Fungua skrubu kwa kupokezana, zungusha kipande taratibu kulia na kushoto kabla ya kukinyanyua, futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha weka tone jipya lenye ukubwa wa punje ya mbaazi katikati. Usipake kama siagi. Likibanwa litajitandaza lenyewe.

Na kitu kimoja kidogo kabla ya kufunga kasha: betri ya saa. Ni ile bapa ya mviringo, CR2032, ya volti 3. Mama mmoja alikuja kwangu akiwa amegombana na kampuni yake ya intaneti kwa wiki nzima, kwa sababu kompyuta ilikataa kufungua tovuti ya benki, ya barua pepe, karibu kila tovuti. Nilitazama kona ya skrini. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta ile vyeti vyote vilikuwa havijaanza. Betri ilikuwa imekufa, basi. Tuliibadilisha kwa dakika tano, akacheka mpaka machozi, kisha akapiga simu kuomba radhi.

Baada ya vumbi, kinachoifanya mashine ya ofisi ionekane mzee ni diski yake ya kuzunguka. Nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Inasikika kama kasi kubwa. Lakini kila kompyuta inapotaka kitu, kichwa cha kusomea kihame, kisha kisubiri sahani ilete mahali panapotakiwa; kuhama na kusubiri kunakula milisekunde kumi na zaidi. Hivyo haifikishi vitu mia moja vilivyotawanyika kwa sekunde, wakati Windows inapowaka inataka maelfu. SSD haina kichwa cha kuhamisha. Inasoma makumi ya maelfu kwa sekunde. Pesa yako ikitosha kitu kimoja tu, nunua SSD. Sijawahi kuona badiliko jingine linalomfanya mtu aniulize, «Hii ni ile ile yangu?»

SSD ya inchi 2.5 ni nyepesi kiasi kwamba ukikosa fremu yake unaweza kuifunga vizuri ndani ya kasha isicheze. RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia ikiwa kazini, nayo iwe gigabaiti 8 kwa matumizi ya nyumbani ya leo. Soma kilichoandikwa kwenye ile iliyopo kabla ya kununua, maana aina za DDR3 na DDR4 hazibadilishani. Hata pengo la chini limekatwa mahali tofauti ili usilazimishe.

Tukifika kwenye mfumo endeshi, namba ya prosesa ndiyo itakayosema. Chukueni mfano wa prosesa ya Intel, Core i5-6500: tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 6, ndiyo kizazi. Microsoft, wenye Windows, wanataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu kwa Windows 11, isipokuwa chache, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya usalama yamebaki kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza wa muda. Hii ndiyo sababu ofisi nyingi zinatoa mashine nzima zisizo na kasoro. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa, na iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika robo. Nikiona kasha zima likitupwa kwa sababu ya tarakimu moja ya kizazi, huwa sina amani.

UHASIBU-14 ni ya kizazi cha sita. Kwa hiyo ninaiwekea Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux. Ni ya bure, inaendelea kupata masasisho, ina programu za kuandika, kuhesabu na kutembelea intaneti, na aliyezoea Windows hapotei: kitufe cha menyu kiko kona ile ile ya chini kushoto. Unaiweka kwenye flashi, unaijaribu kabla ya kusimika, ukiridhika unasimika. Nisiwafiche: kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, au mtoto anacheza mchezo unaokataa Linux, tafuta mashine ya kizazi cha nane kwenda juu tangu mwanzo. Ila kusema kwamba Linux ni ya wataalamu ni kuwaonea watu. Nimemwona bibi akiitumia bila kujua jina lake.

Nyumbani kuna mambo ofisi haikuhitaji. Mashine nyingi za mezani za ofisi hazina Wi-Fi, kwani ofisini waya ulitoka ukutani. Kifaa kidogo cha USB kinamaliza. Spika ya ndani ni ya kutoa mlio tu, haifai muziki. Nyuma mara nyingi utakuta tundu la DisplayPort badala ya HDMI. Ukitaka kutumia televisheni, nunua waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na mwambie muuzaji upande upi ni wa kompyuta, kwa sababu nyaya hizo kwa kawaida hufanya kazi kuelekea upande mmoja. Zingine za zamani zina swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai yenye 115 na 230. Itazame kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 na umeme wako ni wa 230, utasikia mlipuko, na harufu itakaa chumbani siku mbili.

Usiiweke sakafuni, la sivyo baada ya mwaka tutakutana na blanketi lile tena. Watoto wafungulie akaunti zao zisizo na mamlaka ya kusimika programu. Ile diski ya zamani, kama umeifuta na kipimo chake cha afya hakionyeshi sehemu mbovu, iwekee nakala ya pili ya picha za familia. Nasema ya pili, kwa sababu diski yenye umri huo haipaswi kuwa mtunzaji wa pekee wa kitu unachokipenda.

Wakati nikizungumza nanyi, Linux ilikuwa ikisimikwa kwenye mashine yetu, na inakaribia kumaliza. Tazameni skrini. Inauliza jina la kompyuta. Jina la UHASIBU-14 limeishia hapa. Msichana uliyeketi pale nyuma, mama yako kaniambia mashine hii inaenda kwenu. Njoo hapa mbele, hii ndiyo kibodi. Andika jina unalolitaka.